Bustani ya mawe inayofanana na mlima: mwongozo kamili kwa kuisoma miamba ya Mwanza

Bustani nyingi za mawe mijini huharibika kabla jiwe la kwanza halijashushwa kwenye gari. Mwenye nyumba anaagiza tripu moja, mawe yanamwagwa kwenye kona ya uwanja, fundi anayapanga duara, anaziba mapengo kwa saruji na kumalizia kwa chokaa. Katikati panachomekwa mshubiri. Kila apitaye anaona lundo la mawe, hata kama hawezi kueleza kwa nini halimpendezi.

Tatizo ni kwamba mawe yale hayana undugu. Mmoja katoka mtoni, mwingine machimboni, wa tatu kabaki baada ya kujenga msingi, na kila moja linatazama upande wake. Mwamba wa asili hauko hivyo. Mawe unayoyaona juu ya vilima vya Mwanza, hata yale yaliyoachana kwa mita kadhaa, hapo zamani yalikuwa jiwe moja. Kazi yako katika bustani ni kuufanya undugu huo uonekane. Ukifanikiwa hapo, hata mawe manane yanatosha. Ukishindwa, malori matatu hayatakuokoa.

Nimechagua Mwanza kwa sababu ni mji ambako huna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Bugando, Isamilo, Capri Point, Igogo: popote unapoinua macho kuna mawe yamekaa juu ya mawe, na nyumba zimejibanza katikati yake. Lakini njia hii ni ileile ukiwa Dodoma, Iringa karibu na Gangilonga, au upande wa Kisumu kwenye Kit Mikayi, kwa kuwa miamba hiyo nayo imepasuka na kulika kwa namna inayofanana.

Kwanza elewa mlima ulivyojitengeneza

Usiruke sehemu hii. Kila uamuzi utakaoufanya ukiwa na mtaimbo mkononi unatoka hapa.

Granaiti ya Mwanza ni sehemu ya miamba mikongwe kabisa ya bara hili; umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Haikuzaliwa juu ya ardhi. Ilikuwa uji wa moto uliopoa taratibu chini sana, na kupoa huko taratibu ndiko kulikoipa zile punje kubwa unazoweza kuzitenganisha kwa macho: kwatzi inayong'aa kama kioo, feldispari nyeupe au ya waridi, na vibapa vyeusi vya maika. Baadaye mwamba ukapasuka. Nyufa zake hazikwenda ovyo: zilifuata pande tatu hivi, mbili za wima zinazokaribia kukutana kwa pembe mraba, na moja ya kulala. Mwamba ukawa umegawanyika vipande vipande kama mkate wa boflo, bado ukiwa chini ya udongo.

Kisha maji ya mvua yakaanza kupenya. Maji hugeuza feldispari kuwa udongo wa mfinyanzi, na punje zilizobaki huachana. Kwenye uso wa kipande maji hushambulia upande mmoja, kwenye ukingo pande mbili, kwenye pembe pande tatu. Ndiyo maana pembe hulika kwanza na kipande cha mraba hugeuka mviringo. Mmomonyoko ulipoondoa udongo uliooza katikati, vipande vigumu vikabaki vimekaa pale pale vilipokuwa, kimoja juu ya kingine. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, halikupandishwa na mtu wala kuletwa na mafuriko. Limekaa mahali pake siku zote, kilichoondoka ni kile kilichokuwa kinalizunguka.

Kutokana na hilo chukua mambo manne. Nyufa za mlima mmoja hufuata pande zilezile. Mawe makubwa huwa yamezama ardhini, hayakukaa juu yake. Mawe yaliyoanguka hulala chini ya mlima, makubwa karibu na madogo mbali. Na mguuni pa mwamba daima kuna changarawe, zile punje zilizobomoka kutoka kwenye jiwe lenyewe.

Nenda ukausome mwamba mmoja

Mmoja tu. Hata watu wa Kew, bustani maarufu ya mimea ya London, walipojenga bustani yao ya mawe mwaka 1882 waliiga bonde la milima ya Pyrenees, hawakukusanya uzuri wa kila mlima wanaoujua.

Tafuta kundi la mawe ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu. Nenda asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha nyufa ambazo mchana huzioni kabisa. Simama mahali pamoja, piga picha ukiwa umeishika simu usawa wa macho, kisha zunguka upige nyingine tatu. Ukirudi nyumbani, fungua picha na uchore kwa kidole mistari ya nyufa zote zilizo wima, halafu zile za kulala. Utashangaa jinsi mistari inavyokwenda sambamba kutoka jiwe hadi jiwe, hata palipo na pengo kubwa katikati.

Andika pia mambo haya ukiwa bado hapo: jiwe kubwa kuliko yote liko upande gani wa kundi (mara chache huwa katikati kabisa), mawe madogo yameangukia upande upi, maji ya mvua yanashukia wapi, na nini kimeota wapi. Hili la mwisho lina faida kuliko yote. Juu ya mwamba utakuta mimea michache migumu kwenye nyufa. Chini, mguuni, kuna kijani kingi. Jiwe halinywi maji. Mvua yote iliyolipiga inateremka na kuinywesha ile pete ya udongo inayolizunguka. Huo ndio mpango wako wa kupanda, umeshaandikwa.

Kwa walio pwani, usihangaike kusafirisha granaiti kwenda Tanga, Mombasa au Unguja. Soma mawe ya matumbawe yaliyoko huko: yana matundu, kingo kali, na chini yake yamelika. Arusha na Moshi mna mawe meusi ya volkano. Bustani ya mawe hupendeza ikiwa jiwe lake ni la palepale, na gharama ya lori hupungua sana.

Pata mawe kwa njia iliyo halali, na ujue uzito wake

Nunua kwa wachimbaji wenye kibali. Usichukue mawe kandokando ya ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na mawe hayo ndiyo yanayouzuia ukingo usiliwe na mawimbi. Usimlipe mtu akapasue jiwe zima la mlimani kwa moto na nyundo ili upate la kwako. Mji huu unapoteza sura yake jiwe kwa jiwe, na inauma kuona mtu anaubomoa mlima ili atengeneze mfano wake uani.

Machimboni omba mawe ya mkupuo mmoja, yaliyotoka sehemu moja ya mwamba, ili rangi na punje zake zifanane. Omba yale yaliyokaa nje muda mrefu, yenye mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa. Mabaka hayo ni uhai, hukua taratibu mno, na jiwe lililopasuliwa jana litachukua miaka mingi kuyapata. Mwambie dereva asiyaburuze.

Sasa uzito. Mita moja ya ujazo ya granaiti ina tani 2.6 hadi 2.7. Jiwe la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 40 lina kilo 90 hivi. Likifika sentimita 60, ni kilo 300. Likifika mita moja, ni karibu tani moja na nusu. Unaona jinsi linavyoruka: kipenyo kikiongezeka maradufu, uzito unakuwa mara nane. Watu wengi hupanga kwa macho, na gari likifika hakuna wa kulishusha jiwe.

Kwa eneo la mita 4 kwa 3, ninapendekeza jiwe mama moja la sentimita 70 hadi 80, mawili ya 50 hadi 60, matano ya 30 hadi 40, na ndoo kadhaa za vipande vidogo. Jumla ni kama tani moja na nusu. Ongeza nusu mita ya ujazo ya changarawe. Kwa kiasi hicho vijana wanne wenye mitaimbo, magogo ya kuviringishia na subira wanamaliza kazi bila mashine. Ukitaka jiwe la mita moja, kodi gari lenye winchi na uhakikishe linaweza kufika mahali pa kushushia.

Andaa kiwanja wakati wa kiangazi

Fanya kazi nzito kati ya Juni na Septemba, ili vuli ikuletee mvua ya kupandia. Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku, mbali na karo la maji machafu na mbali na msingi wa nyumba kwa mita mbili au zaidi.

Ondoa majani na mizizi yote, hasa ndago na sangari. Zikibaki chini ya jiwe la kilo 300, hutazitoa tena. Chimba sentimita 30. Kama udongo ni mfinyanzi mweusi unaoshika maji, mwaga kifusi cha mawe na matofali yaliyovunjika unene wa sentimita 15, halafu rudisha udongo uliochanganywa na mchanga. Kama tayari ni udongo wa kichanga wa mlimani, kifusi hakina kazi. Inua upande mmoja wa kiwanja ili maji yawe na pa kwenda. Mwinuko wa sentimita 40 kwa mita 4 unatosha. Usitandike nailoni chini. Inazuia mizizi, inatuamisha maji, na baada ya miaka miwili vipande vyake vitachungulia katikati ya mawe.

Kamba mbili

Hapa ndipo bustani inapopatikana au inapopotea.

Chukua kamba mbili na vigingi vinne. Tandaza kamba ya kwanza juu ya kiwanja ikifuata upande wa ufa mkuu uliouona kwenye picha. Usiifanye iwe sambamba na ukuta wa nyumba. Igeuze kidogo, nyuzi 20 au 30 hivi, kwani mlima haukuulizwa nyumba itakaa wapi. Kamba ya pili iikate ya kwanza kwa pembe uliyoiona kule mlimani, ambayo itakaribia pembe mraba. Kila jiwe utakaloweka, uso wake mrefu uliolala ufuate kamba mojawapo. Hakuna jiwe litakalokwenda njia yake lenyewe, isipokuwa yale machache utakayoyafanya yaonekane yameanguka.

Kabla ya kuinua chochote kizito, jaribu mpangilio kwa vijiwe kwenye karai lililojaa mchanga. Dakika ishirini za karai huokoa siku nzima ya jasho.

Kuliweka jiwe mama

Liangalie jiwe pande zote. Uso wenye mabaka ukae juu, kama ulivyokuwa. Tafuta mahali jiwe lilipo pana kuliko pote, weka alama ya mkaa kulizunguka, kisha chimba shimo ambalo litaimeza alama hiyo kwa vidole viwili au vitatu. Kwa kawaida hiyo ni theluthi moja ya jiwe au zaidi. Wengi huona uchungu kuzika jiwe walilolilipia. Lakini jiwe la mviringo lililowekwa juu ya udongo, kiuno chake kikionekana, hufanana na mpira uliosahauliwa uwanjani. Likizama hadi kiuno kikafunikwa, jicho huamini kwamba linaendelea chini, kwamba hapo kuna mwamba mzima uliojificha.

Liweke theluthi moja ya urefu wa kiwanja, siyo katikati. Liinamishe kidogo kuelekea nyuma, upande wa mwinuko, ili mvua iteremkie kwenye udongo ulioko nyuma yake. Vijana wasimame ubavuni, kamwe wasisimame upande wa chini wa jiwe linalosogezwa, na mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Viatu vigumu, siyo ndala.

Likishakaa, shindilia udongo kuzunguka kwa mpini wa mtaimbo, tabaka la sentimita kumi kumi, ukimwagia maji kidogo. Panda juu yake. Likitikisika hata kidogo, toa udongo urudie.

Mawe mawili yanayofuata yakae karibu na mama, moja likiwa kama limegusana naye, jingine likiwa limeachwa pengo la shubiri moja. Pengo hilo lifuate kamba. Ukilichungulia kwa mbele, kuta zake mbili zinapaswa kuonekana kama ufa uliopanuka. Nikilazimika kuchagua kitu kimoja cha kupigania na fundi, nitachagua pengo hili. Atataka kulijaza saruji. Mkatalie. Ufa ni nyumba ya mmea, na bila ufa una mawe matatu yasiyojuana.

Mawe matano madogo yaangukie upande mmoja, ule wa mteremko, yakipungua ukubwa kadiri yanavyoachana na mama. Haya yanaweza kuzikwa robo tu, na mawili kati yake yanaweza kugeuka na kuacha mstari wa kamba, kwa kuwa yameviringika. Vipande vya mwisho vimwage kwa mkono mguuni, halafu uvisukume ndani kwa kisigino.

Jiwe juu ya jiwe, mtindo wa Bismarck, linavutia mno, na ninaelewa tamaa hiyo. Uani penye watoto, usifanye hivyo kwa jiwe linalozidi kilo 30 au lililo juu ya magoti. Ukifanya, jiwe la juu liguse la chini mahali patatu, mapengo yabanwe kwa kabari za mawe zilizogongwa kwa nyundo, na mtu mzima alisukume kwa nguvu zote bila kulitikisa.

Udongo na mimea

Acha kiwanja kinywe maji na kutulia wiki mbili. Udongo utadidimia hapa na pale; ongeza.

Mchanganyiko wa kwenye nyufa na sehemu za juu: changarawe au mchanga mkubwa sehemu mbili, udongo wa kawaida sehemu moja, mboji iliyoiva sehemu moja. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Kwenye ufa sindilia kwa kijiti hadi usibaki uwazi, maana mizizi ikikuta hewa tupu inakauka.

Juu, kwenye ukame, panda mishubiri ya asili ya kwetu. *Aloe secundiflora* hustahimili vizuri na maua yake huwaita chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya nekta. Mkonge mwitu ukae nyuma ya jiwe, ambapo majani yake yaliyosimama yatapata kivuli. Waridi la jangwani lenye shina nene huvutia sana penye joto na udongo mkavu, ila utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wameipaka mishaleni tangu kale, kwa hiyo lisiwe karibu na watoto wanaotambaa. Vivyo hivyo minyaa na jamii yake yote: utomvu ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Mguuni, kwenye pete yenye maji, weka kalankoe, nyasi ndefu za mlimani na, penye kivuli, kangaga. Panda mitatu mitatu au mitano ya aina moja, na uache sehemu tupu. Theluthi nzima ya bustani inaweza kubaki jiwe na changarawe tu.

Usipande mtini wa miambani hata kama mlimani umeuona umeukumbatia mwamba kwa uzuri usioelezeka. Mizizi ile hupasua granaiti. Msingi wa nyumba yako ni kazi ndogo kwake.

Na usichimbue mimea porini. Mishubiri yote isipokuwa *Aloe vera*, pamoja na minyaa yenye mashina manene, imo kwenye orodha ya mkataba wa CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Omba chipukizi kwa jirani, au nunua kwenye kitalu ambako mimea imezalishwa. Chipukizi la mshubiri likishakatwa, liache kivulini siku tatu hadi tano kidonda kikauke, ndipo ulipande.

Mwisho tandaza changarawe unene wa sentimita 3 hadi 5, iwe ya jiwe lilelile. Kokoto nyeupe za dukani zitaharibu kila ulichojenga kwa siku moja. Rangi ya mafuta na vanishi pia: mabaka yale hai yatakufa chini yake.

Watakaohamia

Mijusi watakuja wenyewe. Ukiwa Mwanza huenda ukampata yule ambaye jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limebeba jina la mji. Dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, mwili buluu. Hula wadudu, hana madhara. Nge na nyoka nao hupenda mapango, kwa hiyo mapengo yote yaliyo wazi kwa ndani chini ya mawe yajazwe udongo, na usitie mkono mahali usipopaona. Kama jiwe lina kibakuli kinachotuamisha maji, kijaze changarawe hadi juu; viluwiluwi vya mbu huhitaji siku saba hadi kumi tu kuwa mbu.

Mwaka wa kwanza

Mwagilia mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kama mvua haijashika, kisha mara moja. Mimea ya juu ikishaanza kutoa majani mapya, iache. Baada ya kila mvua kubwa kagua sehemu tatu: nyuma ya jiwe mama kama maji yametuama, mguuni kama changarawe imesombwa, na mawe ya mteremkoni kama yamesogea. Palipobomoka, bana kwa kabari ya jiwe badala ya saruji. Ng'oa magugu yakiwa na majani mawili, kwa sababu gugu lililokomaa ndani ya ufa hutoka na udongo wote uliousindilia. Usisugue mawe, usiyaoshe kwa sabuni. Kiangazi kinachofuata, rudi kwenye ule mwamba na picha ya bustani yako simuni, uzilinganishe nyufa zake na zako kabla hujaagiza jiwe jingine.